Chipukizi la Kijani Lisikupeleke Polisi!

Wale wenye paka wanaochimba vyungu usiku, poleni, barua zenu nimezipata na zamu yenu inakuja. Leo naanza na deni. Nimemkosea mtu, tena nimemkosea kwa kujifanya mjuaji. Na kwa kuwa aliaibishwa mbele za watu, basi na radhi naiomba mbele za watu, hapa hapa gazetini.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, jina nalihifadhi, amepanga chumba Sinza. Chumba kimoja, dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Kapata kazi, kapata mshahara wa kwanza. Mama katumiwa chake, mdogo wake kanunuliwa viatu vya shule, kilichobaki dada akasema na mimi nijipongeze. Wenzake hujipongeza kwa simu na viwalo. Yeye akaenda kwa kijana mmoja anayepanga maua kando ya barabara, akanunua ua jeusi. Ndiyo, jeusi! Majani meusi tii, yanang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Sh. 90,000/-, taslimu, noti juu ya noti.

Akaliweka mezani, akalipiga picha, akazirusha kwa mashosti. Mashosti wakaumia roho. Raha ikadumu wiki tatu. Wiki ya nne, balaa! Katikati ya yale mabua meusi likachomoza chipukizi la kijani. Si kijani cha kubahatisha, kijani kabisa, kama ndimu changa. Shosti mmoja alipoliona alicheka hadi akakaa chini. "Umeingizwa mjini, mwaya! Hili la kawaida, limepakwa rangi. Rangi imeishia hapo, sasa ukweli unachipua."

Dada wa watu hakulala. Asubuhi akaniandikia ujumbe na picha: kaka, nisaidie, nimeibiwa?

Sasa mimi hapa ndipo nilipoharibu. Jueni kwamba na mimi nilishawahi kulizwa. Niliuziwa ua jeusi na mtu mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni, nikalibeba kifua mbele hadi nyumbani. Siku ya kwanza kulifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikawa cheusi na ua likawa la kijani! Waswahili walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilipoona picha ya yule dada sikuuliza swali hata moja. Nikamjibu kwa mkato: "Umelizwa. Rudisha, dai chako."

Akaenda. Na hakwenda peke yake, alibeba na vijana wawili wa mtaani wenye misuli. Kelele zikaanza, watu wakajaa. Kijana muuza maua anajaribu kueleza, hakuna anayemsikiliza. Mara nyuma kule mtu akatamka lile neno: "Mwizi!" Mnajua wenyewe, neno hilo likishatamkwa mbele ya kundi la watu, kinachofuata huwa si mazungumzo. Kijana mikono ikamtetemeka. Akahesabu alizonazo mfukoni, hazikutosha, akakimbilia kwa mama ntilie jirani yake kukopa zilizobaki. Akalipa. Dada akaondoka na hela yake, ua likabaki pale chini, na mimi nikapokea ujumbe: "Asante kaka, umeniokoa."

Nikavimba kichwa.

Baada ya wiki kama sita nilipita pale pale kutafuta vyungu. Nikaliona ua. Nililitambua kwa chungu chake chenye ufa, maana ile picha niliikodolea sana. Nikatafuta lile chipukizi la kijani, silioni. Mabua yote meusi. Lile refu la katikati, ambalo kwenye picha lilikuwa la ndimu, lilikuwa jeusi kuliko yote. Nikatoa leso, nikailoweka maji, nikasugua jani juu na chini. Leso ikabaki nyeupe.

"Kaka," kijana akaniambia wala bila hasira, "hili huzaliwa kijani, weusi unakuja likikua. Nilimwambia yule dada. Lakini siku ile nani alikuwa ananisikia?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Kijana angeweza kufa kwa ajili ya jani. Kwa hiyo leo kabla ya jingine lolote: mdogo wangu, nisamehe. Na ili kosa hili lisirudiwe na msomaji mwingine, tukae chini tulifahamu ua hili toka ukoo wake hadi kikombe chake cha maji.

NI UA GANI HILI?

Kitaalamu linaitwa Zamioculcas zamiifolia. Ulimi ukigoma usijali, duniani kote watu wamefupisha, wanaliita ZZ. La kawaida ni la kijani. Hili jeusi ni aina yake moja iliyopatikana Korea Kusini, na huko Marekani ikasambazwa na kampuni ya Costa Farms ya Florida kwa jina la Raven, yaani ndege mkubwa mweusi wa ukoo wa kunguru. Jina limekaa mahali pake.

Ukoo wake utawashangaza. Ni ndugu wa magimbi! Lile jina refu lenyewe linasema hivyo. Zamia ni mmea mwingine wenye majani yaliyopangika kama kitana, na culcas imetoka kwenye jina ambalo Waarabu huliita gimbi. Ukiunganisha unapata "gimbi lenye majani kama ya zamia". Basi. Wataalamu na wao wakati mwingine husema mambo ya kawaida kwa maneno makubwa.

Wazungu walianza kuliandika mwaka 1829. Bustani ya biashara ya akina Loddiges jijini London ndiyo iliyolitangaza, ikalipa jina la jamii nyingine kabisa. Baadaye Mwaustria Heinrich Schott akalitengea jamii yake peke yake, na mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler akalipa jina linalotumika hadi leo. Kwa miaka mingi likabaki ua la bustani za wataalamu tu. Ilipofika mwaka 1996 hivi, wakulima wa maua wa Uholanzi wakaanza kulizalisha kwa wingi, na ndipo likaingia maofisini, mahotelini na majumbani dunia nzima.

Sasa swali la chemsha bongo: hao wote walilitoa wapi? Shikeni viti. Asili yake ni huku huku kwetu! Huota lenyewe kuanzia kusini mwa Kenya, likashuka Tanzania na Msumbiji hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Linapenda vivuli vya misitu mikavu na mahali penye mawe. Yaani mtoto wa nyumbani kaenda Ulaya, kapata jina na bei, karudi tunampokea kama mgeni wa heshima.

Ila msikimbilie porini na majembe. Kwanza la porini ni la kijani, ukilisubiri liwe jeusi utazeeka. Pili, kung'oa mimea ya msituni ni kuumaliza msitu. Muuza maua yupo, mpe riziki yake.

UTALIJUAJE KUWA NI LENYEWE?

Haya, chukueni kalamu. Kabla hujatoa noti, na kabla hujamwita mtu mwizi, angalia mambo haya manne.

La kwanza, chipukizi. Raven halisi huchipua kijani kibichi, kisha hugeuka polepole kuwa zambarau iliyokolea hadi weusi. Hugeuka kwa wiki kadhaa, au hata miezi, kutegemea mwanga na afya ya ua. Kwa hiyo kile kilichomtia hofu dada yetu ndiyo ilikuwa alama ya uhalali! Ukilikuta dukani lina machipukizi ya kijani katikati na mabua meusi pembeni, furahi. Ukikuta hadi kichipukizi kilichotoka jana ni cheusi kama lami, hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

La pili, kitambaa. Loweka kitambaa cheupe, sugua jani juu na chini, na usisahau pale kijani kinapoungana na bua, maana mpaka rangi huwa mvivu wa pembe. Kitambaa kikibaki safi, ua ni safi. Muuzaji mkweli hatakuzuia. Anayekwambia "usiguse, litakufa", wewe kula kona.

La tatu, bua. Hapa nieleze kidogo. Kile unachokiona kama tawi lililosimama, kumbe ni jani moja zima, na vile vinavyoonekana kama majani ni vipande vya jani hilo hilo. Kwenye ZZ ya kijani bua huwa la kijani lenye madoadoa meusi meusi. Kwenye Raven iliyokomaa, bua nalo hukolea.

La nne, mguso. Jani la ZZ ni nene, laini, linateleza kama limepakwa mafuta. Kuna mmea wa Mexico, huyo zamia mwenyewe, ambao kwa mbali unaweza kukuchanganya. Ukiugusa ni mgumu na mkavu kama boksi. Ukifumba macho tu unajua yupi ni yupi.

Na kama huna uhakika? Subiri. Ukiwa na chipukizi la kijani lipe miezi miwili, mitatu. Likikomaa kabisa na bado ni kijani, hapo una neno la kumwambia muuzaji, tena kwa upole. Haraka haraka haina baraka, mimi nimeyaona.

MAPENZI NDIYO YANAYOLIUA

Wengi mnaoniandikia kwamba ZZ imekufa, halikufa kwa njaa. Mlilizamisha! Asubuhi kikombe, jioni kikombe, mgeni akija naye anamwagia kidogo. Hili si ua la kulishwa kama mtoto mchanga.

Chimba kidogo kwenye chungu uone. Chini kuna viazi vyake, vinene, na ndimo linamohifadhi maji. Mabua nayo yamejaa maji asilimia 95, na vijani asilimia 91. Tena mwaka 2007 wataalamu walieleza jambo la ajabu: wakati mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, hili likibanwa na kiu huweza kuvifungua usiku, kukiwa na ubaridi, ili lisipoteze maji. Lina akiba benki, wewe unalikopesha ya nini?

Kwa hiyo sheria ni hii. Ingiza kidole kwenye udongo, au kijiti cha mishikaki. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu hadi chini, mwagilia vizuri mpaka maji yatoke kwenye tundu, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kwa vyumba vyetu vya Dar hiyo inaweza kuwa kila wiki mbili au tatu. Ukisafiri mwezi kwenda kwenu, usimwachie mtu ufunguo kwa ajili ya ua hili. Utalikuta.

Chungu lazima kiwe na tundu. Narudia, TUNDU. Vile vyungu vya mapambo visivyo na tundu ni jeneza. Udongo uwe mwepesi, usiotuamisha maji: changanya udongo wa bustani na mchanga wa mto, ongeza makumbi ya nazi yaliyosagwa au pumba za mpunga zilizochomwa. Udongo wa mfinyanzi mtupu usiutumie. Chungu kisiwe kikubwa mno, maana udongo mwingi hukaa na maji mengi. Siku ukiona cha plastiki kimevimba pembeni ujue viazi vimejaa, hamisha.

Mwanga? Hapa ndipo mpangaji wa chumba kimoja anaposhinda. Huvumilia kivuli kuliko maua mengi, hata dirisha la kutazama ukuta wa jirani linaweza kulitosha, ila litakua kwa kusuasua. Likipata mwanga mzuri usio wa jua kali, ndipo linapochangamka. Jua la saa saba mchana usilipe, litababuka. Na likianza kuinamia dirishani kama mtu anayechungulia harusi, ligeuze chungu kila wiki.

Wasomaji wa Njombe, Mbeya na Iringa, baridi ya Juni na Julai halipendi. Liondoe karibu na dirisha usiku, na maji punguza zaidi.

Mbolea mara tatu au nne kwa mwaka inatosha, tena nusu ya kipimo. Vumbi ndiyo usilisamehe. Jani jeusi lenye vumbi la barabarani ni kama suti ya harusi iliyomwagikiwa unga. Futa kwa kitambaa chenye maji, usitumie mafuta ya kupikia wala ya kujipaka.

Dalili za hatari: vijani vinageuka njano vingi kwa mpigo na bua linalainika kwa chini kama ndizi iliyoiva sana. Hilo limezidiwa maji. Litoe, kata kilichooza, liache likauke siku moja au mbili, lipande upya kwenye udongo mkavu. Vijani vikinyauka na kuanguka huku udongo ni jangwa, hiyo nayo ni kiu ya kupindukia. Huko porini kiangazi kikizidi huangusha vijani vyake kwa makusudi, likasubiri mvua. Viazi vikiwa vigumu bado lipo hai.

UTOMVU NA WATOTO

Kwa kuwa ni ndugu wa gimbi, mnajua gimbi bichi linavyowasha. Hili nalo lina vile vile visindano vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukilikata nawa mikono kabla ya kujigusa macho. Liweke juu, mbali na mtoto anayetambaa na paka anayetafuna. Akilitafuna mdomo utamwasha na kuvimba, msuuze, mpe maji, na ukiona anapata tabu kumeza au kupumua kimbilia hospitali. Zile habari za kwamba kukaa nalo chumba kimoja kunaleta saratani ni uzushi, msizisambaze.

NA YULE DADA?

Najua mnasubiri hapa. Nilipotoka pale kwa kijana nilimpigia simu dada nikamwambia ukweli wote. Akanyamaza sana. Kisha akasema neno moja tu: "Twende."

Jumamosi tukaenda, safari hii bila watu wa misuli. Dada alibeba sh. 90,000/- zile zile, akaomba msamaha, na mimi nikaomba wangu. Mama ntilie naye akasogea na mwiko wake kusikiliza. Kijana akatuangalia, akacheka kidogo, akasema ua lile halina tena bei, kaamua kubaki nalo. "Hili limenitetea, siliuzi."

Dada akainama. Nilidhani analia.

Kijana akainuka, akachuma kijani kimoja tu kutoka kwenye bua la chini, akakiacha kivulini kikauke jeraha wakati tunapiga stori na kunywa chai. Kisha akachukua kikopo cha maziwa, akakitoboa chini, akajaza mchanga wenye unyevunyevu kidogo, akakichomeka kijani kile kwa upande wa kitako. "Hiki bure," akamwambia. "Ila kitakuchosha. Baada ya miezi kitavimba kwa chini, kitengeneze kiazi chake. Kuchipua inaweza kufika mwaka. Usikimwagie maji mengi, na usikichimbechimbe kukiangalia."

Ndivyo ZZ inavyozalishwa, wapenzi, na ndiyo sababu moja ya jeusi kuwa ghali: halina haraka na mtu. Mwenye pupa agawanye viazi vya ua kubwa wakati wa kuhamisha chungu, kila kipande kiwe na bua lake, hiyo ndiyo njia ya mkato. Asiye na ua kubwa aanze na kijani kimoja na subira.

Dada alitaka walau amlipe sh. 10,000/- ya kikopo. Kijana akakataa, akamwelekeza kwa mama ntilie: "Mlipe yule chai, siku ile ndiye aliyeniokoa."

Kikopo sasa kipo Sinza, kwenye dirisha linalotazama ukuta. Ni mwezi wa tano huu. Juzi kanitumia picha, hakuna chochote, kijani kimoja kimesimama kwenye mchanga. Ila anasema akikigusa anasikia kimeshika, hakichezi.

Siku kitakapochipua, kitachipua kijani. Na yule shosti wake akicheka tena, safari hii jibu analo.

Haya wapenzi, nafasi imekwisha. Wiki ijayo, panapo majaliwa, ni zamu ya paka na vyungu. Kwa sasa amka, ingiza kidole kwenye udongo wako. Ni mbichi? Basi weka hicho kikombe chini!